ISA ya Uingereza: usichague broka kwa sababu ya zawadi ya kujiunga

Ikikaribia tarehe 5 Aprili, siku ambayo mwaka wa kodi wa Uingereza huisha, matangazo ya ISA huongezeka sana kule. Ndipo picha za matangazo hayo zinaanza kufika kwenye kundi la WhatsApp la familia huku nyumbani: "Hawa wanapeana hisa ya bure ukijiunga. Mnaonaje?"

Maoni yetu: hiyo hisa ya bure ndiyo kitu cha mwisho kabisa cha kuangalia. Tumesomea marketing, kwa hivyo tunajua zawadi ya kujiunga huwekwa pale ili usisome ukurasa wa makato.

Kwanza, ISA ni nini? Ilianza Aprili 1999. Ni akaunti ambayo riba, gawio au faida inayopatikana ndani yake haitozwi kodi ya Uingereza. Kama umewahi kununua M-Akiba kwa simu au infrastructure bond ya serikali, tayari unaelewa wazo lenyewe: riba inakuja yote, tofauti na money market fund ambapo asilimia 15 inakatwa kwanza. Kiwango cha kuweka ni pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, kwa ISA zako zote ukijumlisha. Kuna ISA ya pesa taslimu, inayofanana na akaunti ya akiba, na kuna ISA ya hisa, ambayo ndiyo unahitaji broka.

Si lazima uwe raia wa Uingereza. Lazima tu uwe unaishi kule, na uwe umefikisha miaka 18. Kwa hivyo nesi wetu aliye Leeds au Luton anaruhusiwa. Wewe uliye Kakamega huruhusiwi, na mtu akikutumia ujumbe Telegram akisema anaweza kukufungulia ISA ukiwa Kenya ukimtumia pesa kwa simu, huyo ni mwizi. Usimjibu.

Sasa twende kwa makato, maana hapa ndipo pesa hupotelea. Mabroka wa mtandaoni hutoza kwa njia kama tatu. Wengine wanachukua asilimia ya pesa ulizo nazo, wengine ada moja kila mwezi, na wengine wanajitangaza kuwa ni bure. Hakuna iliyo mbaya yenyewe. Tatizo ni kuchukua ya mtu mwingine bila kupiga hesabu yako.

Chukua Vanguard, jina ambalo wengi hupendekezewa kwa kuwa ni nafuu. Ada ya akaunti yao ni asilimia 0.15 kwa mwaka, na kweli hiyo ni ndogo. Lakini tangu Januari 2025, mwenye chini ya pauni 32,000 analipa pauni 4 kwa mwezi. Mtu anayeweka pauni 50 kila mwezi atakuwa ameweka 600 mwisho wa mwaka, na ada itakuwa 48. Hiyo ni asilimia 8! Hata soko likifanya vizuri, mwaka huo amefanyia broka kazi. Kwa anayetoza asilimia 0.25 bila kiwango cha chini, mtu huyo huyo hangelipa hata pauni 2. Halafu mambo yanageuka pesa zikikua: ukiwa na pauni 60,000, asilimia 0.25 ni pauni 150 kwa mwaka, wakati broka wa ada moja ya, tuseme, pauni 10 kwa mwezi angechukua 120. Wateja wetu wanajua hesabu hii bila kufundishwa na mtu. Ukituma pesa kidogo kidogo mara nyingi, makato yanakula kuliko ungetuma mara moja.

Na wale wa bure? Waulize wanakula wapi. Mara nyingi ni kwenye kubadilisha pauni kuwa dola unaponunua hisa za Marekani, na tena unapouza. Anayewekeza kwenye mfuko unaouzwa kwa pauni hataguswa sana na hilo. Anayenunua na kuuza Apple kila wiki ataguswa, na atashangaa.

Lakini pia tuseme ukweli ambao broka hatakuambia: si kila mtu anahitaji ISA leo. Anayelipa kodi ya kiwango cha kawaida kule anaweza kupata riba ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka kwenye akaunti ya kawaida bila kukatwa kodi. Mwenye akiba ya pauni 2,000 hafikii hapo hata kwa mbali. Kwake, riba nzuri ni muhimu kuliko jina la akaunti. ISA ya hisa ina maana zaidi kwa pesa ambazo hazitaguswa miaka mitano au zaidi, kwa sababu faida ya hisa nje ya ISA inaanza kutozwa kodi ikipita pauni 3,000 kwa mwaka, na gawio likipita 500.

Hapo ndipo sisi wa nyumbani tunaingia. Hisa hupanda na kushuka. Ukimpigia dada yako simu ya karo mwezi ambao soko limeanguka, na pesa zake zote ziko kwenye ISA ya hisa, atauza kwa hasara ili akutumie, na pengine hatakuambia. Pesa za karo, hospitali na matanga zikae kwenye akiba ya kawaida. Na sisi tukubali kwamba zile nyingine si pesa zilizolala.

Aina moja tunaiogopea sana watu wetu, nayo ni Lifetime ISA. Wa miaka 18 hadi 39 anaweza kuifungua, anaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali inamwongezea asilimia 25. Tamu, sivyo? Lakini pesa hizo ni za kununua nyumba ya kwanza, iliyo Uingereza, isiyozidi pauni 450,000, ama usubiri ufikishe miaka 60. Ukizitoa mapema kujenga Kitengela, unakatwa asilimia 25 ya jumla. Yaani umeweka 4,000, serikali ikaongeza 1,000, ukatoa 5,000, wakakata 1,250. Unabaki na 3,750. Umepoteza 250 zako mwenyewe. Anayepanga kurudi nyumbani aachane nayo.

Anayerudi Kenya haruhusiwi kuendelea kuweka pesa kwenye ISA, ila zilizomo zinaweza kubaki na bado hazitozwi kodi ya Uingereza. Shida ni broka: baadhi yao hawataki mteja mwenye anwani ya nje. Hilo liulizwe kabla ya kujiunga, kwa maandishi. Na anayetaka kuhama broka asitoe pesa mwenyewe. Ajaze fomu ya kuhamisha ISA kwa broka mpya, la sivyo pesa zinatoka kwenye kinga ya kodi.

Kabla ya yote, jina la kampuni litafutwe kwenye rejista ya FCA, msimamizi wa masoko kule, kwa kuandika anwani ya FCA mwenyewe na wala si kubonyeza linki uliyotumiwa. Kampuni iliyo chini ya mpango wa fidia wa FSCS ikifilisika, mwekezaji analindwa hadi pauni 85,000. Hisa zikishuka bei tu, hakuna anayekulipa.