Joe Harriott Hakuwa Mwigaji

Liko kosa ambalo waandishi wa muziki wa jazi wa Uingereza walilirudia kwa miaka mingi, nalo ni kumhesabu Joe Harriott kuwa mwigaji. Kwanza aliitwa mfuasi wa Charlie Parker. Alipoiacha njia ya Parker, akaitwa mfuasi wa Ornette Coleman. Kila alikogeukia, msanii huyu alitafutiwa bwana huko Marekani.

Harriott alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1928, kisiwa hicho kikiwa koloni la Mwingereza. Alifundishwa muziki katika shule ya Alpha iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na mwaka 1951 akaingia Uingereza pamoja na bendi, akipuliza saksafoni, chombo ambacho wapenzi wa dansi kwetu hukiita mdomo wa bata. Kwamba alijifunza kwa Parker, hakuna abishaye. Ni mpulizaji gani wa zama zile asiyemsikiliza Parker? Kujifunza kwa aliyetangulia ni wajibu wa kila fundi, wala hakumvui mtu ufundi wake.

Shutuma ya pili ndiyo nzito. Mwaka 1958 Harriott alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu, na huko akautafakari muziki usiofungwa na mpango wa sauti uliokwisha kuwekwa wala mapigo ya namna moja. Mwaka 1960 akarekodi sahani ya Free Form. Washitaki wake husema kwamba Coleman alikuwa amekwisha kutoa sahani za namna hiyo. Ni kweli, lakini tarehe peke yake haithibitishi wizi, na hakimu wa haki hana budi kuusikiliza muziki wenyewe. Kundi la Coleman la mwaka 1959 halikuwa na piano. Besi na ngoma zilishika mwendo thabiti, na mpulizaji akatangulia mbele. Harriott aliibakiza piano ya Pat Smythe. Tarumbeta ya Shake Keane wa St Vincent, besi ya Coleridge Goode wa Jamaika na ngoma za Phil Seamen zilijibizana na saksafoni kama wazee barazani: huyu akinena, yule hunyamaza, mwendo hugeuka, na kimya chenyewe huwa sehemu ya mazungumzo. Sahani iliyofuata, Abstract, ilipewa nyota tano na jarida la Down Beat la Marekani, daraja la juu kabisa. Basi hao waliodaiwa kuibiwa ndio walioitambua mali yake!

Tena mwaka 1966 ikatoka Indo-Jazz Suite, kazi aliyoifanya na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa Calcutta, ambamo sitari na tabla za Kihindi ziliketi pamoja na vyombo vya jazi. Wana wawili wa makoloni walikutana katika nchi ya aliyewatawala na kutunga jambo lao. Je, hapo napo alikuwa akimwiga Parker?

Jina la mwigaji lina madhara yake, kwa kuwa mwigaji hadaiwi shukrani. Harriott alimaliza miaka yake ya mwisho akizunguka mji hata mji, akipiga na wanamuziki aliowakuta huko. Alifariki Southampton tarehe 2 Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 44, katika hali ya ufukara. Na sahani zake bora zikapotea madukani kwa miaka mingi.

Taifa likimpima msanii kwa kuuliza kwanza afanana na nani ng'ambo, halitaiona kazi yake hata iwekwe mbele ya macho yake. Mizani hiyo iliachwa na ukoloni, na sisi tuandikao juu ya utamaduni wa watu waliotawaliwa tunapaswa kuwa wa kwanza kuitupa. Harriott aandikwe mahali pake: miongoni mwa waanzilishi.