Silabasi ya Kazi ya Serikali Iko Wapi?

Si kitambo, nilikuwa mjini Homa Bay kuzungumza na walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao wa kidato cha nne. Mazungumzo yalipokwisha, kijana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa alisubiri watu wapungue, kisha akanijia na daftari mkononi. Alikuwa amemaliza shule miaka mitatu nyuma na, kama alivyokiri mwenyewe, aliingia ukumbini kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. "Mwalimu," alisema, "silabasi ya mtihani wa kazi ya serikali inauzwa wapi?"

Wanafunzi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mimi sikuona la kuchekesha. Swali lile lilikuwa la mtu aliyefikiri. Ikiwa kila mtihani aliowahi kuufanya maishani ulikuwa na silabasi, kwa nini huu ulio mkubwa kuliko yote usiwe nayo?

Yako mataifa ambako angepata jibu la moja kwa moja. Uchina iliwapima maofisa wake kwa mitihani ya vitabu vya kale kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi ilipoifuta mwaka 1905. India ina Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, na silabasi ya mtihani wake huchapishwa kwa umma, ikionyesha karatasi tisa za awamu kuu, mbili kati yazo zikiwa za lugha ambazo mtahini huzitaka zifauliwe tu bila kuzihesabu katika jumla. Hata hapa jirani, ukivuka mpaka kutoka Isebania na kuingia Sirare, Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania huwapitisha waombaji wengi katika usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya kuwaita kwa mahojiano. Kwetu Kenya, ipo mitihani ya walio ndani tayari, ya taaluma na ya kupanda vyeo. Mtihani mmoja wa kitaifa wa kuwaingiza vijana katika utumishi wa umma hatuna. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, huchuja maombi, huwaita watu kwa mahojiano. Bodi za utumishi wa umma za kaunti hufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, nilimwambia kijana yule kwamba silabasi ipo, na kwamba alikuwa ameibeba mkobani kwa miaka minne bila kuambiwa kuwa ndiyo.

Tazama tangazo lolote la nafasi za chini serikalini. Sharti la kwanza ni alama ya wastani ya KCSE. Anayetaka kuwa konstebo wa polisi hutakiwa awe na D+ ya wastani, pamoja na D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Maana yake ni kwamba mtihani wa kidato cha nne ndio mtihani wetu wa utumishi wa umma, tupende tusipende, na silabasi ya Kiswahili ni sehemu ya silabasi ya kazi. Kosa letu, na hapa nawasema walimu wenzangu kabla ya kuwasema wanafunzi, ni jinsi tunavyoisoma silabasi hiyo.

Katika shule nyingi za Migori na Homa Bay nilizowahi kuzitembelea, nimesikia kauli moja ikitamkwa kwa fahari: "Tumemaliza silabasi." Mara nyingine ni mwezi wa Mei. Ninapoomba kuona jinsi ilivyomalizwa, huonyeshwa orodha ya mada, kila moja ikiwa na alama ya vema kando yake: ngeli, vema, vinyume, vema, usemi halisi na usemi wa taarifa, vema. Lakini mada ni nusu tu ya silabasi, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili imo katika malengo, pale panapoandikwa kwamba mwanafunzi "aweze" kufanya jambo fulani. Kitenzi kinachofuata neno hilo ndicho kitakachotahiniwa. Wengi wetu hukiruka kama mtu arukaye dibaji ya kitabu.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo kazi yangu ya isimu ilipo. Vichukue vitenzi vinavyotumika sana katika maswali: taja, eleza, bainisha, ainisha, linganisha, tofautisha, thibitisha, kanusha, changanua, jadili. Vingi kati ya hivi vina kiambishi cha kusababisha. Kubainisha ni kufanya jambo liwe bayana. Kuainisha ni kuviweka vitu katika aina zake. Kulinganisha kumebeba ndani yake kauli ya kutendana, hivyo vitu viwili havina budi kukutanishwa, hiki kikipimwa kwa kile. Anayeandika aya moja juu ya hiki, na aya nyingine juu ya kile, bila kuvikutanisha mahali popote, hajalinganisha hata kama yote aliyosema ni kweli. Kuchanganua nako ni kinyume cha kuchanganya. Sentensi imeletwa ikiwa imechanganyika, nawe unatakiwa kuirudisha katika vijenzi vyake, iwe kwa matawi, kwa jedwali au kwa mistari. Na kutaja ni kutaja tu. Mwanafunzi anayeandika ukurasa mzima pale alipoambiwa "taja" amepoteza dakika ambazo swali la "jadili" lilikuwa likizihitaji.

Nimewaona watahiniwa hodari wakianguka kwa sababu hii. Walijua mada na hawakukijua kitenzi.

Sasa tuitazame karatasi ya kwanza, ile ya insha. Swali la kwanza ni la lazima, nalo hutoka katika insha za kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti, memo, hotuba, tawasifukazi, notisi. Mwanafunzi hulijibu hilo, kisha huchagua moja kati ya matatu yaliyobaki, na kila insha ina alama 20. Hebu soma orodha hiyo tena ukiwa umefumba jicho moja kwa shule na kufumbua jingine kwa ofisi ya chifu, ya naibu kamishna wa kaunti, au ya afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ni kazi gani ifanywayo humo ambayo haimo katika orodha? Karani huandika memo. Afisa huandika ripoti. Baraza likiitwa, notisi hubandikwa. Kamati ikikutana, mtu mmoja hushika kalamu.

Kumbukumbu ndizo zinazoniuma zaidi. Wanafunzi wetu wamekaririshwa umbo lake vizuri: kichwa chenye mahali, tarehe na saa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, kufungwa kwa mkutano, nafasi za sahihi za mwenyekiti na katibu. Umbo hilo lina alama zake na sidharau. Lakini ndani ya umbo hukuta tamthilia: fulani alisema, fulani akajibu, fulani akakasirika. Kumbukumbu huhifadhi yaliyoamuliwa na jina la aliyepewa jukumu la kuyatekeleza. Kamati ya basari ikikaa Ndhiwa na kuamua kuwalipia wanafunzi kadhaa karo, mzazi atakayekuja mwezi wa pili kuuliza jina la mwanawe limeendaje hatasaidiwa na maelezo ya nani alipandisha sauti. Atasaidiwa na mstari mmoja ulioandikwa sawasawa. Mwalimu anayefunza kumbukumbu bila kumwonyesha mwanafunzi mzazi yule amefunza umbo tupu.

Ufupisho pia una uzito huohuo. Katika karatasi ya pili, yenye alama 80, ufahamu una 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Ufupisho huonekana kama adhabu ya kuhesabu maneno, ilhali kila mkubwa kazini huwa na msaidizi aliyepewa faili la kurasa arobaini na kuambiwa alete ukurasa mmoja kabla ya saa sita.

Kuhusu zile alama 40 za matumizi ya lugha, kuna jambo ambalo silabasi haiwezi kulisema kwa kuwa imeandikiwa nchi nzima, nasi wa pande hizi ndio tunaopaswa kulisema. Ngeli ni mada moja katika kitabu, lakini si mzigo mmoja kwa wanafunzi wote. Katika Dholuo, nyathi opodho ni mtoto ameanguka, yath opodho ni mti umeanguka, buk opodho ni kitabu kimeanguka. Kiambishi ni kilekile. Kiswahili kinamtaka mtoto huyohuyo achague a-, u- na ki-, tena bila kusita. Ukienda Kehancha, mtoto wa Kikuria ana ngeli nyumbani kwake: Omokuria akiwa mmoja, Abakuria wakiwa wengi. Wazo lenyewe halimshangazi. Kwake hatari ni kuvaa kiambishi cha nyumbani mahali pa kile cha Kiswahili. Kisha kuna watoto wa Mfangano na Rusinga ambao wazee wao walisema Kisuba, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, na ambao leo wengi wao wamelelewa kwa Dholuo. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kuria Mashariki kwenda Mbita akifuata ratiba ileile ya masomo, wiki mbili za ngeli hapa na wiki mbili kule, ameitii silabasi lakini hajaielewa.

(Matamshi ya sh na z, ambayo Dholuo haina, tuyaache kwa siku nyingine. Hayajawahi kumnyima mtu alama katika karatasi ya kuandika, ingawa yamewapa watu wa Nairobi vicheko visivyostahili.)

Kuna mwalimu aliyeniuliza kwa nini Kiswahili kimhangaishe mtu atakayeajiriwa kaunti ya kwao, ambako wateja wake watasema Dholuo. Nilimjibu kwa sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka bodi zihakikishe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zinakwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Ofisi ya Migori, ikiitii sheria hii, itakuwa na Mjaluo, Mkuria, Mkisii na wengine wakikaa meza moja. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Raia wa Nyatike au Suba anayo haki ya kuandikiwa barua kwa lugha hiyo, na barua haijiandiki.

Yabaki mahojiano. Hapa ndipo lawama yangu inapowageukia waajiri. Anayeitwa mbele ya jopo huulizwa mambo ambayo tangazo halikuyataja. Mwenye jamaa serikalini atadokezewa asome kifungu cha 10 juu ya maadili ya kitaifa, Sura ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, na kifungu cha 232 juu ya maadili na kanuni za utumishi wa umma. Asiye na jamaa atakwenda na cheti chake na shati lililopigwa pasi. Kifungu hicho cha 232 chenyewe kinataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa kuteua watu. Sioni ugumu wa tume na bodi kuandika, chini ya kila tangazo, mistari mitano inayosema mwombaji atapimwa katika nini, na kuiandika kwa Kiswahili na Kiingereza. India yenye waombaji wengi kuliko sisi imeweza.

Haraka ipo. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, nao watafanya KCSE mwaka 2027. Baada yao watakuja waliolelewa katika mtaala wa umilisi, ambao hata matokeo yao yataandikwa kwa namna nyingine. Waajiri watalazimika kuandika upya masharti yao yote yanayoanza na "alama ya wastani ya KCSE". Wasipoanza sasa kutaja ujuzi wanaoutafuta, badala ya herufi, tutakuwa na kizazi kizima kinachouliza lile swali la Homa Bay.

Kijana yule nilimchania karatasi na kumwandikia: vifungu vile vitatu, aina saba za insha za kiuamilifu, na orodha ya vitenzi. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniambia kwamba yeye ni katibu wa kamati ya kusimamia ufuo kwao, na kwamba amekuwa akiandika kumbukumbu za wavuvi kwa miaka miwili, kwa Kiswahili, kwa sababu mweka hazina wao anatoka Busia. Akauliza kama hizo zinaweza kuhesabiwa kuwa tajriba ya kazi.

Nilimwambia aziambatanishe na ombi lake lijalo.