Tazama Visigino vya Mzee



Jumapili ni siku ambayo jamaa nyingi za mjini hupata nafasi ya kuwazuru wagonjwa na wazee. Kwa wakazi wa Nangara, mjini Babati, safari hiyo aghalabu huwafikisha Magugu, katika barabara ya kwenda Arusha, yalipo makazi ya wazee ya Serikali. Watu huchanga sabuni, mchele, sukari na kanga, wakaenda, wakakabidhi, wakapiga picha, kisha wakarudi kabla jua halijatua. Hilo ni jambo jema, wala sina neno baya juu ya makazi hayo. Lakini leo napenda tuulizane: katika ziara za namna hii, ni nani kati yetu aliyeketi kando ya kitanda cha mzee, akamwomba ruhusa ya kutazama visigino vyake?

Swali hili si la mzaha. Mzee asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, ngozi hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa njia, na nyama ikaanza kufa. Vidonda hivyo huanzia visiginoni, kiunoni na makalioni. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Kwa hiyo tafuta mahali palipozidi weusi, penye joto, au pagumu kuliko pembeni pake. Mtu wa hali hiyo hupaswa kugeuzwa mara kwa mara, mchana na usiku, na desturi ya wauguzi wengi ni kila baada ya saa mbili. Ukikuta kidonda kirefu kisichosafishwa wala kufungwa, una haki ya kuuliza kilianza lini na nani anakitibu.

Zipo dalili nyingine. Tazama kama nguo zilizomtosha mwezi uliopita sasa zinampwaya. Tazama ulimi mkavu, kucha ndefu, shuka lenye harufu ya mkojo, na kikombe cha maji kilichowekwa mahali mkono wake usipofika. Ulizia fimbo yake na miwani yake. Alama za vidole juu ya mikono yote miwili huenda zikawa ni za kushikwa kwa nguvu, na michubuko ya viwikoni yaweza kuwa ya kufungwa kamba. Mzee aliyekuwa mcheshi akawa anasinzia mchana kutwa, yafaa iulizwe amepewa dawa gani. Hali kadhalika ikiwa ametiwa dole gumba katika karatasi asiyoijua, au akiba yake imepungua bila maelezo.

Zaidi ya yote, sikiliza ukimya wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzee anayeongea nawe vizuri, kisha akainamisha uso mara mtumishi fulani anapoingia, amekwisha sema neno. Zungumza naye faraghani, tena kwa lugha aliyolelewa nayo, iwe Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe au Kirangi. Kwani wapo wazee ambao uchungu wao hautoki kwa Kiswahili.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Ngozi ya uzeeni huchubuka kwa jambo dogo, na maradhi huweza kumkondesha mtu anayelishwa vyema. Dalili moja si ushahidi. Ni sababu ya kuuliza. Tena tukumbuke mtumishi mmoja aliyeachiwa vitanda vingi, usiku kucha, bila maji ya kutosha wala glovu. Shirika la Afya Duniani limekusanya tafiti za nchi mbalimbali, zikaonyesha kuwa wawili kati ya kila watumishi watatu wa makao ya wazee walikiri kumtendea mzee ubaya katika mwaka uliotangulia. Wengi namna hiyo hawawezi kuwa wote ni watu katili. Uchovu, uchache wa mikono na kukosa mafunzo huzaa ubaya pia. Na mwenye kulala chini ya ubaya huo huumia vilevile.

Ukiona jambo la mashaka, andika tarehe na ulichokiona. Mwendee kwanza msimamizi wa makao, kwa adabu. Asipokujibu, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kama pana jeraha la kupigwa au mzee yu hatarini, usingoje: mpeleke hospitali na utoe taarifa polisi siku hiyo hiyo. Lakini usimlaumu mtu mbele ya mzee kisha ukaondoka, maana ukishatoka wewe, yeye hubaki pale pale.

Sasa nigeukie nyumbani kwetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa familia ndiyo mtunzaji wa kwanza, na makao ni kimbilio la mwisho la asiye na mtu. Je, wote walioko huko hawana watu? Wengine wana watoto mijini, wenye kazi na mshahara, ambao hawajafika kwa miaka. Mzee asiye na mgeni hana shahidi. Mtumishi mvivu hutambua upesi ni kitanda kipi hakiulizwi, naye hukiacha mpaka mwisho. Basi uzembe wa kwanza huwa umetendwa na sisi, hata kabla ya ule wa makao.

Jumapili ijayo, ukijaliwa kwenda Magugu au kwingineko, chukua sabuni kama desturi. Lakini ongeza mkasi wa kucha, na saa nzima ya kukaa. Ukiaga, mwambie mzee siku utakayorudi, na mtumishi naye aisikie. Kisha urudi siku hiyo.