Kesi ya Arawelo haijafungwa

Mwezi Mei 2019, zikiwa zimebaki siku saba tamthilia ya Game of Thrones imalizike, Daenerys Targaryen, malkia aliyekuwa amejijengea jina kwa kuvunja minyororo ya watumwa, alipanda joka lake na kuuteketeza mji ambao kengele zake zilikuwa zimeshalia kutangaza kusalimu amri. Wapenzi wa tamthilia hiyo waligawanyika, na hadi leo hawajapatana. Upande mmoja unasema dalili zilikuwepo tangu zamani: kule Meereen aliwasulubu mabwana 163 bila kuuliza nani kati yao ana hatia na nani hana, na baadaye akawachoma wafungwa waliokataa kumpigia magoti. Upande wa pili unajibu kwamba kuwaadhibu wenye watumwa ni jambo moja na kuchoma watoto mitaani ni jambo jingine, na kwamba waandishi walibakiwa na vipindi sita tu katika msimu wa nane, wakamsukuma malkia shimoni ili wafunge hesabu. Ombi la kutaka msimu huo utengenezwe upya lilitiwa sahihi na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Wapo wanaowaona mashabiki hawa kuwa watu waliokosa kazi. Mimi naona wanaifanyia hekaya kile hasa inachodai kufanyiwa: wanamshika mhusika, wanarudi nyuma kutafuta ushahidi katika matendo yake, wanamuuliza msimulizi kwa nini amemgeuza, na hawakubali hukumu kwa kuwa tu imetamkwa na mwenye kisa. Sisi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya tunaye malkia wetu ambaye kesi yake inafanana na hiyo mno, na tumemwacha ahukumiwe bila kusikilizwa.

Malkia huyo ni Arawelo. Watoto wa Kisomali wamemsikia kutoka Garissa hadi Hargeisa, usiku, baada ya msimulizi kuita “sheeko sheeko” na wao kuitikia “sheeko xariir”, hadithi ya hariri. Kisa chenyewe kinajulikana. Arawelo alitwaa utawala, akawaweka wanawake kwenye madaraka na wanaume kwenye kazi za nyumbani, na ili wasije wakamwasi akaamuru wahasiwe. Mzee mmoja, Oday Biqay, aliponea chupuchupu akajificha porini, na kila malkia alipotoa amri isiyowezekana, wanaume walimwendea kwa siri awape akili. Katika masimulizi mengine malkia anataka aletewe ngozi yenye manyoya pande zote mbili. Mzee anawaambia wampelekee sikio la punda, na malkia anang'amua kwamba kuna dume zima limebaki mahali. Kisha kisa kinapinduka. Binti yake anajifungua mtoto wa kiume. Bibi anataka mtoto ahasiwe mara moja. Binti anaomba subira, kwanza atambae, kwanza atembee, kwanza apate nguvu, na kila mara Arawelo, ambaye hakumwonea huruma mwanamume yeyote, anakubali. Mtoto anakua, anashika mkuki, anamuua bibi yake, na wanaume wanarudi kwenye viti vyao. Hapo msimulizi hufunga kisa na kutoa funzo lake: mwanamke akipewa utawala, mwisho wake ndio huu.

Funzo hilo nalitilia shaka, na Modogashe ni mahali pazuri pa kuanzia shaka hiyo. Mji huu wa Lagdera umekaa pale Garissa, Wajir na Isiolo zinapogusana. Barabara kutoka Isiolo inapita hapa kabla ya kushika njia ya Wajir, na Msomali na Mborana wanakutana kisimani, sokoni na malishoni, kwa heri na kwa shari. Ukivuka mpaka wa lugha utakuta kwamba Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao, nao wana malkia wao. Wanamwita Akko Manoye. Yeye pia anatoa amri zisizotekelezeka, anawadhalilisha wanaume, mwisho anaangushwa kwa hila ya shimo lililofunikwa. Endelea kusini hadi Murang'a, Wakikuyu watakusimulia enzi ambapo wanawake walitawala, hadi wanaume walipokula njama ya kuwapa mimba wakati mmoja na kuwapindua wakiwa hawawezi kupigana. Jamii tatu, mbili za wafugaji na moja ya wakulima, na kiunzi cha kisa ni kilekile: wanawake walikuwa na utawala, wakautumia vibaya, wakapinduliwa kwa ujanja, na tangu hapo mambo yako kama yalivyo. Mashahidi watatu wakileta ushahidi unaofanana hivyo, hakimu mwangalifu hujiuliza kama walishauriana nje ya mahakama. Sidhani kama wasimulizi wetu walishauriana. Nadhani walikuwa na haja moja, nayo ni kueleza kwa nini kiti ni cha mwanamume na kuyafanya maelezo hayo yaonekane ya haki. Arawelo tunayemjua tumeletewa na wajukuu wa Oday Biqay. Wajakazi, mawaziri na askari wake wa kike hatujawasikia.

Mtu ataniuliza: ikiwa ni hadithi ya wanaume kujitetea, si tuitupe? Tusiitupe, kwa sababu imebeba utetezi wa malkia ndani yake. Katika nchi ya Wasomali yapo marundo ya mawe yanayosemwa kuwa kaburi lake, likiwemo lile la upande wa Ceerigaabo, mkoa wa Sanaag. Desturi iliyoandikwa na watafiti ni kwamba mwanamume akipita hutupa jiwe, na mwanamke akipita huweka tawi bichi au ua. Litazame rundo hilo kwa karibu: jiwe juu ya jiwe, na katikati ya mawe majani yanayonyauka juani, yaliyowekwa na watu ambao kisa hiki kimetungwa ili kuwanyamazisha. Kila jiwe ni hukumu na kila tawi ni rufaa, na kaburi limezidi kuwa refu kwa sababu ya pande zote mbili. Wazee wetu, wake kwa waume, walikuwa wakibishana juu ya mhusika huyu kabla televisheni haijafikiriwa. Tuliopoteza mjadala ni sisi, tulipobaki na jiwe tukasahau tawi.

Ushahidi mzito zaidi nauona kwa yule binti. Wasimulizi humpitia kama mtu anavyopita daraja. Akishamzaa shujaa, kazi yake imekwisha. Lakini msimamishe kidogo umuulize. Alijua kwamba mwanawe atamuua mama yake? Kama alijua, basi Arawelo hakushindwa na akili za Oday Biqay, alishindwa na mwanamke aliyelelewa ndani ya utawala wake, akauona kwa ndani na kuukataa. Kama hakujua, basi ni mama aliyemkinga mtoto wake, na kisa kikamfanya mshirika wa mauaji bila kumuuliza. Na Arawelo mwenyewe, mbona alikubali kila alipoombwa? Mtu asiye na moyo habembelezwi mara tatu akaridhia mara tatu. Msimulizi aliyekusudia kutuonyesha nduli ametuonyesha bibi mbele ya mjukuu, na hakuweza kulificha hilo kwa sababu bila huruma yake kisa kisingefika mwisho. Mtazame pia Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu ambaye watoto hutishwa naye: katika masimulizi yake, binti yake ndiye anayewaficha wageni ili mama asiwale. Mara mbili simulizi za Kisomali zimeiweka huruma ndani ya nyumba ya mtu anayeogopwa kuliko wote, na mara mbili zimeiweka mikononi mwa binti. Siamini kwamba hilo limetokea kwa bahati tu, na ndiyo aina ya jambo ambalo shabiki wa Daenerys angeligundua usiku wa kwanza.

Shuleni tunafanya nini na utajiri huu? Fasihi simulizi imo katika masomo ya Kiswahili, na mighani hufundishwa kwa mifano iliyozoeleka: Fumo Liyongo wa pwani, Lwanda Magere wa Waluo, Wangu wa Makeri wa Wakikuyu. Arawelo ni nadra kutajwa. Na hata hao wanaotajwa, swali ni lilelile la kutaja sifa nne za mhusika. Mwanafunzi anaandika jasiri, mkakamavu, mwenye huruma, mwepesi wa kuamini, anapata alama zake na kufunga daftari. Liyongo anastahili kuliko hayo, na si mgeni kwetu, kwani nchi yake ni ya mwisho wa mto Tana, mto uleule unaopita Garissa. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwanawe anatumwa na mfalme amuulize baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Liyongo anamshuku mtoto, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Hapo ndipo pa kusimama na darasa zima. Mtu aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, aliyewashinda maadui zake kwa hila, anatoaje siri ya kifo chake huku macho yameona? Amechoka? Amemtia mwana mtihani? Anaona aibu kumnyima mtoto kitu? Kisha anachomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anafia hapo, na watu wanakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Neno “jasiri” halifiki hata nusu ya njia. Maswali haya hayana jibu moja, na mwalimu mwenye mwongozo wa kusahihisha wenye jibu moja hawezi kuyauliza.

Kuna pingamizi za kweli, na ya kwanza ni ya dini. Nimesikia hoja kwamba hadithi za malkia wahasi na wala watu ni mambo ya jahiliya, na kwamba kuweka matawi juu ya kaburi ni kukaribia shirki. Kuhusu kaburi, sina ubishi na masheikh. Hakuna anayehitaji kwenda kulitukuza. Lakini kuzingatia visa ni jambo ambalo Kitabu chenyewe kimetufundisha: Sura ya Yusuf inajitaja kuwa ni simulizi nzuri kuliko zote, na Sura ya An-Naml inatuletea Malkia wa Sabaa, ambaye wafasiri humwita Bilqis, anayepokea barua, anawakusanya wakuu wake, anataka shauri lao kabla ya kukata neno, wao wanataja nguvu zao za vita naye anachagua kwanza kutuma zawadi. Mwanamke mtawala anaonyeshwa akifikiri. Mwalimu wa madrasa akiwaweka Bilqis na Arawelo mbele ya wanafunzi wakubwa na kuuliza kwa nini mmoja alisikiliza na mwingine hakusikiliza, amefundisha dini na hekaya kwa pamoja. Wanaosema tamthilia za kigeni zimejaa uchafu wana haki yao. Sisemi watoto wazitazame. Nasema mashabiki wake wana adabu moja ya akili ambayo tunaihitaji.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kaunti zetu zimetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo imeangamia, usalama ni wa mashaka. Nani ana nafasi ya kubishana juu ya malkia ambaye huenda hakuwahi kuishi? Nawajibu kwa jina la mji huu. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana hapa na kutoa Azimio la Modogashe, lililogusa malisho, maji, mifugo inayoibwa na fidia ya damu. Kikao cha namna hiyo ni watu wenye visa vinavyopingana juu ya tukio moja, kila upande una shujaa wake na msaliti wake, na kazi ya wazee ni kurudi nyuma na kuuliza nani alisema, aliona nini, alipata nini kwa kusema hivyo. Anayejua kumhoji msimulizi wa Arawelo amejifunza kazi hiyo bila damu kumwagika. Na kiwango cha diya, yaani hiyo fidia ya damu, katika mila kinajulikana kote: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Msichana aliyezoea kuuliza hukumu ya Arawelo ilitoka kwa nani ataiuliza pia ile nusu ilitoka kwa nani. Wapo watakaosema hapo ndipo hatari ilipo. Ni kweli hoja hii ikifunguliwa haitaishia kaburini, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutaka ifunguliwe.

Imebaki hofu ya wapenzi wa masimulizi ya mdomo, kwamba tukiyaandika tutayagandisha. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo toleo moja linachapishwa na mengine yanakufa. Basi yachapishwe matatu au manne bega kwa bega: la bibi wa Modogashe, la mzee wa Wajir, la Mborana wa Garba Tula mwenye Akko Manoye wake, kila moja na mwisho wake. Njia ya kuyafikisha ipo. Mwaka 1996, mwaka uleule kilipotoka Marekani kitabu cha kwanza cha mfululizo wa George R. R. Martin ulioizaa Game of Thrones, Huduma ya Maktaba za Taifa ilianzisha hapa Garissa maktaba ya ngamia: mnyama mmoja amebeba masanduku ya vitabu ubavu huu na ule, mwingine amebeba hema ambalo wasomaji watakaa chini yake. Katika sanduku hilo natamani kiwepo kijitabu cha Arawelo, na katika ukurasa wake wa mwisho pasiwe na funzo wala orodha ya sifa. Pawe na swali moja kwa msomaji wa miaka 15 aliyeketi hemani: binti alipomwendea mama yake mara ya tatu, akiwa amemshika mkono mtoto anayejua sasa kukimbia, alikuwa anamwomba nini?