Kurudia Filamu si Kuinakili

Baadhi ya wahadhiri na wanafunzi wenzangu hushikilia kwamba filamu inayosimuliwa kwa Kiswahili katika vibanda vya video ni filamu iliyoharibiwa, na kwamba marudio halali ni yale ya studio kubwa tu. Napinga.

Tuanze na studio hizo. The Lion King ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule kambi ya Dzaleka ilipofunguliwa. Mwaka 2019 Disney waliirudia. Hadithi ni ileile, na hata sauti ya Mufasa ni ya James Earl Jones, kama mwanzo. Kilichobadilika zaidi ni picha: wanyama wa kuchorwa wamekuwa wanyama wa kompyuta wanaofanana na wa mbugani. Kwa kufanana huko wamepoteza nyuso. Mwanasimba anafiwa na baba yake, na uso wake hauoneshi msiba. Simba, Rafiki na Pumbaa wana majina ya Kiswahili, ila mara zote mbili waliandikiwa kuzungumza Kiingereza. Maneno "hakuna matata" nayo yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney.

Sasa mtazameni msimuliaji. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni Dar es Salaam. DJ Afro hufanya kazi hiyo Kenya. Msimuliaji humpa mhusika jina la mtaani, huongeza methali, humkemea adui, hufafanua mila ngeni. Picha haiguswi, lakini hadithi inaanza upya. Hapa Dzaleka, Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda hukaa benchi moja wakacheka pamoja, kwa sababu ya Kiswahili. Filamu hiyohiyo ikioneshwa Lilongwe kwa Kiingereza, bibi aliyefuatana nasi anabaki kutazama midomo tu.

Mtaniambia kwamba msimuliaji hajaomba ruhusa. Hoja hiyo ni nzito, na mwenye kazi alipwe. Lakini hilo ni suala la mkataba. Halitoshi kumvua mtu usanii wake. Marudio yapimwe kwa maswali mawili: yameongeza nini, na kwa ajili ya nani? Kwa kipimo hicho Lufufu anaishinda Disney. Basi somo letu la fasihi limtambue msimuliaji kuwa mtunzi na kazi yake ifundishwe darasani.