Kiatu kikirudi, nani analipa motari?

Goma. Motari anasimama mbele ya lango moja huko Himbi, anapiga simu mara tatu, namba haipatikani. Ndani ya mfuko mweusi kuna viatu vya dola 12. Mteja mwenyewe aliviomba asubuhi, akachagua rangi, akaandika «niletee sasa hivi». Baada ya nusu saa motari anageuza. Viatu vinarudi kwa muuzaji, na muuzaji ndiye atakayelipa safari ya kwenda na ya kurudi.

Mambo haya yanawapata kila siku wale wanaouza kwa WhatsApp na Facebook, na siku hizi ni wengi. Kufungua magazini Birere kunataka mtaji na pango la miezi kadhaa. Kuuza kwa simu kunataka picha, megabaiti na mtu wa kupeleka mali. Mama aliyekimbia Sake au Masisi akakodi chumba Ndosho anaweza kuanza na makuta ya likirimba: jozi kumi za viatu, au robota dogo la nguo za watoto. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, biashara hiyo ya kidogo kidogo ilibeba nyumba nyingi. Ndiyo maana mali inayorudishwa si jambo dogo la kusutana kwenye makundi tu. Inakula chakula cha watoto.

Hesabu yake si ngumu. Mama amenunua jozi kumi kwa dola 9 kila moja, anauza 12. Akiuza zote bila tatizo, faida ni dola 30, na kila mteja amejilipia pikipiki. Lakini jozi tatu zikirudi, na kila safari ya kwenda na kurudi ikamgharimu dola 2, anabaki na faida ya jozi saba, yaani dola 21, toa 6 za motari: 15. Moja kati ya zile tatu imerudi na mkwaruzo kwenye kisigino, anaiachia kwa dola 6. Zimebaki 12. Mbili nyingine ziko chini ya kitanda, na ndani yake zimelala dola 18 za mtaji, wakati Jumamosi wenzake wa likirimba wanangoja mchango. Tatu tu kati ya kumi, na zaidi ya nusu ya faida imekwenda.

Atafanya nini? Atapandisha bei mpaka 13 au 14. Kwa hiyo aliyezima simu Himbi hakumwibia muuzaji peke yake. Analipiwa na mteja mwaminifu wa Katoyi ambaye hajawahi kurudisha hata kitambaa.

Hata kwenye masoko makubwa ya ng'ambo jambo hili linauma. Mwaka 2024, chama cha wauzaji wa rejareja cha Marekani kilikadiria kwamba mali ya dola bilioni 890 ingerudishwa, karibu 17 katika kila 100 za mauzo. Amazon, tangu Juni mwaka huo, inawatoza wauzaji ada juu ya bidhaa zinazorudi kupita kiwango kilichowekwa kwa aina yake, na huweka onyo kwenye ukurasa kwamba bidhaa fulani inarudishwa mara nyingi. Kule mashine inahesabu. Goma anayehesabu ni admini wa kundi, na hesabu yake ni masengenyo: malalamiko mawili ya sauti, muuzaji anatolewa, bila kuulizwa kama kosa lilikuwa lake.

Na mara nyingi kosa ni lake, hilo lisemwe wazi. Picha zinachukuliwa kwenye mtandao wa Wachina, gauni linang'aa, linalofika mlangoni ni jembamba kama pazia la zamani. Saizi 40 ya kiwanda kimoja ni 38 ya kingine, lakini muuzaji hakushika hata futi ya fundi nguo kupima soli. Simu inauzwa «betri nzima» na saa sita mchana imezima. Muuzaji wa namna hiyo akirudishiwa mali asilie. Amejirudishia mwenyewe.

Wapo pia wateja wanaoagiza magauni matatu, wanavaa moja kwenye harusi ya Jumamosi, Jumatatu yote matatu yanarudi eti yanabana, moja likinuka manukato na moshi wa nyama. Na kama mteja alilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kurudisha pesa nako kunakatwa, na anayetoa kwenye kibanda anakatwa tena. Bukavu ndiyo kabisa: mfuko unapanda boti, unavuka ziwa, unafika, unakataliwa, unapanda boti tena. Muuzaji wa jumla naye hataki kusikia. Kwake mali ikitoka mlangoni imetoka.

Kuna kundi moja ambalo halirudishi, nalo ni wahami. Familia iliyonunua viatu vya shule vya dola 5 ikakuta vinabana haiwezi kulipa dola 2 za pikipiki kuvirudisha. Mtoto anakanyaga visigino, au viatu anapewa mdogo wake. Muuzaji anaona hakuna malalamiko, anadhani mali yake ni safi, kumbe amepoteza mteja kimya kimya. Mali kutorudi si lazima iwe sifa.

Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, na biashara ya mtandaoni imo. Lakini hakuna anayepeleka gauni la dola 12 mbele ya hakimu. Wenye kuweza kutengeneza jambo hili ni maadmini na wauzaji wenyewe, kwa maneno machache juu ya kundi: pikipiki inalipwa kabla haijaondoka, mali ikiwa na kosa, au ikitofautiana na picha, muuzaji anarudisha pesa yote na kulipa njia zote mbili, mteja akibadili mawazo, safari ni yake. Asiye na pesa ya pikipiki akutane na muuzaji Entrée Président au Birere, apime kiatu pale pale, aondoke nacho au akiache. Wengine watasema kulipa mbele kutawakimbiza wateja. Kutawakimbiza wale wa kuzima simu.

Na daftari. Kila kitu kinachorudi kiandikwe na sababu yake: saizi, rangi, kimeharibika, simu imezimwa. Baada ya mwezi, mama ataona kama ugonjwa uko kwa wateja, kwa mwenye depo anayempa mali, au kwenye picha zake mwenyewe, na ataacha kununua kile kinachomrudia.

Mteja wa Himbi huwa anawasha simu jioni na kuuliza kama vile viatu bado vipo. Ajibiwe bila matusi: vipo, ila safari hii motari analipwa kwanza, na ile ya asubuhi bado inadaiwa.