TAHARIRI: Na mwenye mfuko tumboni ameitwa kwenye walima



Ndugu Waislamu, masinia ya pilau yanapotandazwa siku ya Idi hapa Kinampanda, wapo wanaobaki ndani. Miongoni mwao ni waliopasuliwa kwa sababu ya utumbo kujisokota, saratani au ajali, na madaktari wakautoa mwisho wa utumbo kwenye tundu tumboni, ambako haja kubwa hutoka na kuingia mfukoni. Wengine hukaa hivyo miezi, wengine maisha yote. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia. Upepo hutoka wenyewe mbele za watu, naye hana hiari. Hiyo ndiyo haya inayomfungia ndani.

Surat An-Nur, aya ya 61, imeondoa uzito kwa kipofu, kiwete na mgonjwa katika suala la kula, na baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa watu walikuwa wakiona vibaya kula nao pamoja. Basi anayeinuka kwenye sinia kwa sababu ya jirani yake, aisome tena.

Naye mgonjwa ajue kuwa kuitikia mwaliko ni jambo moja, kula ni jingine. Hadithi aliyoipokea Imam Muslim inampa aliyeitikia hiari ya kula au kuacha. Kwa hiyo mwenyeji asimshurutishe maharage, kabichi, vitunguu wala soda, vitu vinavyozidisha upepo. (Sisi huku tunadhani kumshindilia mgeni ndiyo ukarimu!) Ale kidogo kidogo, atafune sana, anywe maji. Mfuko aumwage kabla ya kutoka nyumbani, kisha ukifika theluthi aumwage tena, kwani ukijaa uzito huubandua. Kanzu pana humsitiri kuliko suruali ya mkanda.

Ama sala, wanazuoni wengi humweka pamoja na wenye udhuru wa kudumu, kama mwanamke mwenye istihadha: hutawadha baada ya wakati kuingia, akasali, hata kama kitu kitatoka katikati ya sala. Asiikose sala ya Idi kwa hofu hiyo.

Linalobaki ni choo. Anayealika watu akague kwanza: mlango una komeo? Ndoo ya maji imo? Upo msumari wa kutundikia kanzu? Kisha amwoneshe mgeni huyo njia mapema, kwa sauti ya chini, kabla masinia hayajaletwa.